Vinywa na Minofu

Wasemao kuwa ufukara wa Mwanza umeletwa na wingi wa watoto wamesoma nusu ya hesabu. Kweli, watu wameongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu mkoani humo milioni 2.8, ya 2022 milioni 3.7. Lakini tangu miaka ya 1990 minofu ya sangara imekuwa ikisafirishwa Ulaya kutoka viwanda vya huko, na maskini wa ufuoni wakabakia na mapanki, yaani vichwa na mifupa. Je, mnofu huo umeliwa na mtoto aliyezaliwa jana kule Igombe? Uzazi wa mpango ni jambo la heri, hatuupingi. Twapinga kumhesabia mama watoto wake kabla ya kumhesabia mfanyabiashara samaki wake. Nasi tuishio kwa bahari, tusidhani kisa hiki ni cha bara pekee.