ASILIMIA 51 YETU IKO MFUKONI MWA NANI?

Siku Simba na Yanga zinapokutana, shughuli wilayani Ngara na Biharamulo husimama. Kabanga kwenye mpaka wa Burundi, Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, Rulenge, Lusahunga, Nyakanazi hadi Biharamulo mjini, vibanda umiza hufurika vijana mpaka wengine wanachungulia dirishani. Bodaboda zinaegeshwa, abiria atajiju. Kila aliyemo humo ametoa kiingilio chake, amevaa jezi aliyoinunua kwa jasho lake, na kama ni mwanachama ana kadi anayoilipia ada.

Mkamate kijana mmoja wa humo ndani umuulize: timu hii ni ya nani? Atakujibu kifua mbele, "Ni yetu sisi wanachama." Muulize tena: mara ya mwisho mwenye mali uliulizwa lini juu ya mali yako? Hapo atakutolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Ndugu msomaji, hicho ndicho kiini cha makala hii. Tunaimbiwa kwamba klabu hizi ni za wananchi, na kwamba hata mwekezaji akija na magunia ya fedha, wanachama watabaki na asilimia 51 ya hisa na yeye atachukua 49. Maneno matamu. Lakini asilimia 51 isiyo na orodha ya wenyewe, isiyo na kura na isiyosomewa hesabu ni danganya toto.

WAFADHILI HAWAKUANZA LEO

Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Zilianzishwa na watu wa kawaida wa Dar es Salaam waliochangishana senti, na hakukuwa na tajiri katikati yao. Majengo ya Jangwani na Msimbazi ni ushahidi kwamba wanachama waliwahi kuwa na klabu yao kweli kweli.

Baadaye wakaja wafadhili. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella Abidjan 2-0 hapa hapa nyumbani, nyuma yake alikuwepo Azim Dewji. Yanga nayo miaka hiyo ilimtegemea Abbas Gulamali. Mfadhili hakuwa na hisa wala mkataba. Alitoa akipenda, na akinuna aliondoka na mfuko wake. Klabu ikawa kama mke wa pili, inasubiri zamu.

Mtu akisema fedha za matajiri hazijasaidia kitu, huyo ni mnafiki. Simba ilibeba ubingwa wa Bara mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Yanga ikajibu kwa mara nne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba ikafika mwaka 2025. Kwa makapuku kama sisi, ada zetu peke yake zisingeweza kufanya hayo.

Kwa hiyo sisi hatugombani na fedha za tajiri. Tunachotaka kujua ni kama kuna karatasi inayotulinda siku akiamka vibaya.

SOMO LA JANGWANI: KUTOKA UTAJIRI HADI BAKULI

Wanaojisahau wakumbushwe ya Agosti 2016. Wanachama wa Yanga waliitwa kwenye mkutano wa dharura Dar es Salaam, wakaombwa waikodishe timu na nembo yake kwa mwenyekiti wao, Yusuf Manji, kwa miaka kumi. Katika faida, yeye achukue asilimia 75 na klabu ibaki na 25. Wakapiga makofi, wakanyoosha mikono. Angalia vizuri hapo: mwenyekiti wa klabu ndiye huyo huyo mkodishaji! Anayepangisha nyumba na anayepanga ni mtu mmoja. Baraza la Michezo la Taifa likaingilia kati na mpango ukakwama.

Mei 2017 Manji akajiuzulu. Marehemu, aliyefariki Marekani mwaka 2024, aliitendea Yanga mengi mema na hilo hatumnyang'anyi. Lakini alipoondoka, kilichobaki Jangwani ni ukata. Mishahara ya wachezaji ikawa hadithi, migomo ikasikika, na kocha Mwinyi Zahera ikabidi ahimize wapenzi watembeze bakuli. Katika miaka ya 2018 na 2019 klabu kubwa kama hiyo iliishi kwa michango ya simu!

Na nani alijaza bakuli lile? Vigogo waliokaa meza ya mbele siku ya kukodisha hawakuonekana wote. Walalahoi ndio waliotuma buku, wengine jero, kutoka kila kona ya nchi. Wakati wa neema hatukuulizwa, wakati wa njaa tukaitwa kwa jina la "wenye timu".

Leo Yanga ina nguvu za GSM, na Rais aliyechaguliwa Julai 2022, Injinia Hersi Said, alitokea huko huko GSM. Timu imeng'ara na wapenzi wanafurahi. Sisemi kuna dhambi. Nauliza tu kama mwenye kadi: siku GSM nao wakichoka, kuna mkataba gani utakaozuia bakuli lisirudi mezani?

MSIMBAZI NA BILIONI 20

Upande wa pili hawana cha kucheka. Desemba 2017 wanachama wa Simba walikubali mabadiliko na Mohammed Dewji akatangazwa mshindi kwa shilingi bilioni 20. Serikali ikasisitiza kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49. Vifijo vikapigwa hadi huku kwetu.

Kisha ikaanza longolongo. Miaka ikapita watu wakiulizana vijiweni bilioni 20 ziko wapi, ziko benki gani, zimeingia au hazijaingia. Aliyeuliza akaitwa msaliti, mara ametumwa na Yanga. Hundi ikaja kuonyeshwa hadharani mwaka 2021, na miezi michache baadaye Dewji huyo huyo akaachia uenyekiti wa bodi.

Msimu wa 2023/24 Simba ikachapwa 5-1 na mtani, ikamaliza ya tatu. Wapenzi wakachachamaa. Juni 2024 wajumbe wa bodi wakajiuzulu na Dewji akarejea kwenye kiti. Tazama hapo tajiri anavyotoka na kuingia kama mtu anayekwenda dukani, na mwenye asilimia 51 anapata habari kwenye redio kama taarifa ya hali ya hewa.

MACHI 8 HATUJAISAHAU

Kama kuna siku ambayo shabiki alionyeshwa thamani yake waziwazi, ni Machi 8, 2025. Usiku wa kuamkia mechi, Simba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Wakatangaza kutocheza. Yanga wakasema wao wapo. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku ile ile, saa chache kabla ya mpira kuanza.

Kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Shabiki wa mikoani aliyesafiri kwa basi, tiketi mkononi, nauli ya kurudia ikiwa ya kukopa, alifika mjini akaambiwa geuza. Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Mabwana wakubwa walishindana barua na matamko miezi mitatu. Katika barua zote hizo, nauli ya yule wa basi ilijadiliwa na nani?

WASIO NA HATA HISA MOJA

Kuna wenzetu wenye hali mbaya zaidi. Waulize wa Mbarali, mkoani Mbeya. Novemba 29, 2022 timu yao ya Ihefu iliifunga Yanga 2-1 pale Ubaruku na kukata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Wakulima wa mpunga walikesha. Haikupita hata miaka miwili, mwaka 2024 timu ikahamishiwa Singida, ikabadilishwa jina, ikawa Singida Black Stars. Timu ilihamishwa kama kochi! Wapenzi wa Mbarali walibaki na uwanja na kumbukumbu.

Sisi wa Kagera tunayo Kagera Sugar. Ni timu ya kiwanda, imetupa raha Kaitaba miaka mingi, ikateremka daraja mwaka 2025. Kwenye timu ya kiwanda shabiki hana pa kupeleka malalamiko. Angalau kiwanda hakikutudanganya kuwa timu ni yetu.

SISI NAO TUJITAZAME

Tusimsingizie tajiri kila kitu. Wanachama wenyewe wameziua klabu hizi mara nyingi kwa makundi na uchu wa madaraka. Mgawanyiko wa Yanga mwaka 1976 ndio ulioizaa Pan African. Baadaye tukaletewa Yanga Kampuni na Yanga Asili, wanaume wazima wakifungiana milango. Mkutano mkuu ukiitishwa, mtu anauza kura yake kwa pilau na nauli ya daladala. Mtu wa namna hiyo hata umpe asilimia 100 ataiuza kabla jua halijazama.

Hata hapo ng'ambo ya daraja la Rusumo wamepitia haya. Rayon Sports ni timu ya wananchi wa Rwanda, wapenzi wake hawahesabiki. Mwaka 2020 viongozi walikamatana mashati mpaka Bodi ya Utawala ya nchi ile ikaingia kati, uongozi ukaondolewa, na Oktoba uchaguzi mpya ukafanyika. Wapenzi wengi bila utaratibu ni umati tu, na umati hauna klabu.

Wajerumani walilimaliza kwa sheria. Tangu mwaka 1998 wana kanuni kwamba wanachama wa klabu lazima wawe na zaidi ya nusu ya kura, wakiacha klabu chache zilizoruhusiwa kuwa nje yake. Na wanailinda kweli. Viongozi wa ligi yao walipotaka kuuza sehemu ya haki za ligi kwa mwekezaji, mashabiki walirusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki, mechi zikasimama. Februari 2024 mpango ukafutwa. Hawakuchoma gari wala kumpiga mwamuzi. Walijua hisa yao ni kura, wakaitumia.

TUDAI MAMBO MATATU

Wapenzi wa Ngara na Biharamulo, Mnyama na Mwananchi kwa pamoja, tuache kwanza utani tudai mambo matatu.

Kwanza, daftari. Asilimia 51 iandikwe kwa majina, tawi kwa tawi, na mwanachama wa Rulenge alione jina lake bila kumlamba mtu miguu.

Pili, kura ipigwe tulipo. Ikiwa fedha ya kadi inaweza kutoka Nyakanazi hadi Dar es Salaam kwa simu kwa dakika moja, kura nayo inaweza. Na mjumbe anayetuwakilisha mkutanoni arudi atueleze alichokubali kwa niaba yetu.

Tatu, hesabu zilizokaguliwa zisomwe kila mwaka: mapato ya milangoni, jezi, haki za televisheni, mauzo ya wachezaji, pamoja na mkataba wa mwekezaji ukurasa kwa ukurasa. Kama tajiri amekopesha, tujue riba. Kama ametoa zawadi, tumshukuru.

Matawi yetu yaache kuwa vikundi vya ngoma za kupokelea viongozi. Safari ijayo kigogo wa klabu akija huku na kofia na skafu za kugawa, apewe kiti, apewe maji ya kunywa, kisha aulizwe maswali hayo matatu mbele ya watu. Akijibu, tulipe ada mara mbili. Akianza kuimba nyimbo za klabu, ajue ada ya mwaka huo imebaki mifukoni mwetu.