Pumzi Sita Kabla ya Kufungua Mlango

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kuwapo. Wengi wetu tupo nyumbani kwa mwili tu. Mtoto anakueleza jinsi mwenzake alivyomsukuma shuleni, nawe unaitikia, "Ehe, ehe," huku fikira zako ziko kwenye ada, kwenye unga unaokwisha, kwenye neno alilosema wifi yako Jumapili. Akikuuliza, "Mama, nimesema nini?" huna jibu. Watoto hulijua jambo hili mapema kuliko tunavyodhani. Baba watoto naye hulijua, ingawa huenda asiseme.

Kliniki, kabla ya kumpima mama shinikizo la damu, tunatakiwa tumwache aketi kimya kwa dakika 5, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili imekanyaga sakafu, bila kuzungumza. Akipimwa huku anahema kutoka kituo cha basi, kipimo hupanda, na tunaweza kudhani ana ugonjwa asio nao. Nimewaona wengi ambao kipimo chao cha pili, baada ya kutulia, kilikuwa chini kuliko cha kwanza. Wengine huniambia kwamba hapo ndipo wameketi kwa mara ya kwanza tangu kulipokucha.

Sababu yake ni hii. Tunayo mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Sehemu moja hutuandaa kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Sehemu ya pili hutuliza. Moyo huwezi kuuamuru upunguze mwendo, lakini pumzi unaweza kuiongoza, na moyo ukafuata. Jaribu sasa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, usikie mapigo. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Wengi, hasa walio vijana, watasikia mapigo yakiharakisha kidogo wakati wa kuvuta na kupungua wakati wa kutoa. Anayefanya kazi hiyo ni mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka kwenye ubongo, ukapita shingoni na kufika moyoni hadi tumboni. Kwa hiyo kutoa pumzi ndiko kunakotuliza. Tukiambiwa "vuta pumzi" huwa tunainua mabega na kujaza kifua kama puto, na hapo tunajichosha bure.

Basi keti kwenye kiti au kigoda, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, tumbo liuinue mkono. Itoe ukihesabu hadi sita, taratibu, kama unayepoza uji wa mtoto kwenye kijiko bila kuumwaga. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa hesabu hii utafika karibu mara 6. Fikira zitatoroka. Zirudishe bila kujigombeza, kama unavyomrudisha mtoto anayetambaa kuelekea jikoni. Atakwenda tena, nawe utamrudisha tena.

Huhitaji chumba cha peke yako, maana ni nani kati yetu anacho? Ukitoka kazini au sokoni, simama nje ya mlango wako, pumzi sita, ndipo uingie. Ni dakika moja tu. Mtoto akija mbio na habari zake, inama umtazame usoni kabla ya kuweka kikapu jikoni.

Jioni, tandika mkeka, lala chali, miguu uiweke juu ya kiti. Kaza ngumi kwa nguvu, halafu ziachie. Fanya hivyo kwa mabega, uso, tumbo, mapaja, hadi nyayo. Daktari Mmarekani aitwaye Edmund Jacobson aliandika kitabu juu ya njia hii mwaka 1929. Mara nyingi mtu hajui kwamba mabega yake yamekaza mchana kutwa mpaka ayakaze zaidi na kuyaachia.

Najua wapo watakaouliza: je, hii si yoga? Na yoga si dini ya Wahindi? Neno lenyewe ni la Kisanskrit, nalo ni ndugu wa neno la kufunga nira. Ni kweli ilikulia katika dini za India, na kwa wengi huko bado ni ibada. Hilo tusilifiche. Wengine huifanya kama mazoezi ya viungo tu, na tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa huiadhimisha kila tarehe 21 Juni. Lakini mapafu hayana dhehebu. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, aliandika mwaka 1975 juu ya utulivu huu wa mwili, akaeleza kwamba mtu anaweza kutumia neno au sala ya imani yake mwenyewe. Anayependa kutoa pumzi na mstari wa Zaburi, na afanye hivyo.

Tahadhari sasa. Ukisikia kizunguzungu au ganzi vidoleni, unapumua kwa nguvu mno. Acha, upumue kama kawaida. Mjamzito ambaye tumbo limekuwa kubwa asilale chali, alalie ubavu. Mwenye dawa za shinikizo la damu asiziache kwa sababu amejifunza kupumua. Na mama aliyejifungua, ambaye huzuni imezidi wiki mbili na hata mtoto hatamani kumshika, aje kliniki, hata akiwa peke yake. Akiwa na mawazo ya kujidhuru au ya kumdhuru mtoto, asisubiri siku hata moja. Ukiwa jirani yake, usimwambie apumue tu, msindikize.