Mke wa Nani?

Betsy Drake alifariki dunia mjini London tarehe 27 Oktoba 2015, akiwa na umri wa miaka 92. Taarifa nyingi za kifo chake zilimtambulisha kwa jambo lile lile: aliwahi kuwa mke wa Cary Grant, mcheza sinema mashuhuri wa Hollywood. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa mwigizaji, lilifuata. Kwamba ukubwani alisomea kazi ya kutibu watu waliovurugika nafsi kwa kuzungumza nao, akaifanya katika hospitali za Los Angeles, lilitupwa mkiani. Mpangilio huo naupinga.

Hebu tuhesabu. Ndoa ilifungwa siku ya Krismasi ya 1949, ikavunjwa 1962. Hata miaka 13 haikutimia. Ni hesabu ya wapi hiyo inayoruhusu sehemu moja ya maisha kuzimeza sita zilizobaki?

Watajibu kwamba bila Grant asingejulikana. Kweli, Grant alimfungulia mlango wa sinema, wakacheza pamoja katika *Every Girl Should Be Married* mwaka 1948. Lakini alipomwona kwa mara ya kwanza, mwaka 1947, bibi huyo alikuwa jukwaani London akifanya kazi yake. Kipaji kilitangulia ndoa. Tena mlango ule ule ulimbana vidole. Betsy aliandika hadithi ya filamu ya *Houseboat*, akitarajia kuigiza ndani yake pamoja na mumewe. Ilipotoka mwaka 1958, nafasi ile alikuwa nayo Sophia Loren, ambaye Grant alikuwa amempenda walipokuwa wakipiga picha Hispania. Hadithi iliandikwa upya na watu wengine, na jina la Betsy halikuonekana. Na ni katika kurudi kutoka kumtembelea mume huko huko Hispania ndipo alipopanda meli *Andrea Doria*, iliyogongwa na meli nyingine usiku wa tarehe 25 Julai 1956 na kuzama kesho yake asubuhi. Aliokolewa. Sasa mtu aniambie nani alikuwa na deni kwa nani.

Wengine hukimbilia habari ya LSD. Ni kweli, alitibiwa kwa dawa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipokuwa bado haijapigwa marufuku Marekani, na mumewe akamfuata kwa daktari huyo huyo. Dawa yenyewe siitetei. Natetea jambo jingine: kabla ya kukaa kiti cha mtabibu, alikwisha kukaa kile cha mgonjwa. Waganga wangapi wanaweza kusema hivyo?

Filamu yake ya mwisho, ya 1965, ilimhusu simba mwenye makengeza anayeishi Afrika. Kutokana nayo kulizaliwa mfululizo wa televisheni ulioitwa kwa neno letu wenyewe, *Daktari*, ulioonyeshwa Marekani tangu 1966 hadi 1969. Yeye hakuwamo. Alikuwa ameiacha sinema. Mwaka 1971 alichapisha riwaya. Tena akasoma Harvard hadi akapata shahada ya uzamili katika elimu.

Hapo ndipo panaponigusa, kwani umri wangu wote wa kazi nimeutumia katika ualimu na mwishoni nikawa mkuu wa chuo cha ualimu. Nimewapokea akina mama wa miaka 40 na kitu, wengine wameachika, wakija na daftari zao kukaa dawati moja na vijana walioweza kuwa watoto wao. Vijana walicheka. Kilichoniudhi zaidi ni wakufunzi, watu wazima na akili zao, waliowaita "wake wa mabwana fulani" badala ya majina yao, na kudhani mwanamke akirudi shuleni ni kwa kuwa nyumbani kumemshinda. Niliwakemea, lakini sikuwakemea vya kutosha, na hilo bado linanikereketa. Wanawake wale walisahihisha kazi za wanafunzi kwa makini kuliko wale vijana wote, maana walijua maumivu ya kupewa alama ya sifuri na mtu asiyekutazama usoni.

Mtu akiniuliza Betsy Drake alikuwa nani, nitaanza na hospitali za Los Angeles. Kisha riwaya, kisha jukwaa la London, kisha sinema. Grant nitamtaja endapo muulizaji hajaondoka.