Mahari Yako na Injini ya Dizeli: Uliza Kwanza, Toa Baadaye



Mwezi uliopita tulipigiwa simu na binti wa hapa kisiwani aliyeolewa bara, wilaya ya Biharamulo, si mbali na Nyakanazi. Familia ya mumewe ina mashine ya kusaga inayozungushwa na injini ya dizeli aliyoiacha marehemu baba mkwe. Injini imechoka. Asubuhi haiwaki mpaka wasaidiane watu wawili, na ikiwaka hutoa moshi mpaka wateja wanajifunika kanga puani. Mume anataka inunuliwe mpya, na fedha iliyo karibu ni mahari ya mkewe. Mashemeji wanasema injini ya baba haiuzwi, ifunguliwe itengenezwe. Binti katikati, anatuuliza kwa sauti ya chini: "Mimi nina haki ya kusema kitu hapo, au ni mambo ya wanaume?"

Jibu letu ni kwamba ana haki, tena ana wajibu. Somo hutufundisha mengi kabla ya harusi, lakini injini haimo. Tunaona na hili liingie, kwani wengi wetu mahari na dhahabu zetu huishia kwenye chombo cha baharini, bodaboda au mashine, bila sisi kuuliza hata swali moja.

Sisi wa pwani tunaijua injini kwa jahazi. Ikizima katikati ya mkondo, nahodha hutweka tanga na upepo ukipenda watu hurudi nyumbani. Mashine ya kusaga haina tanga. Ikizima, mama aliyetembea na debe la mahindi kichwani hurudi nalo vilevile, na kesho yake anakwenda kwa mwenye mashine mwingine. Kwa hiyo uamuzi wa kutengeneza au kununua unagusa riziki ya nyumba nzima, na haufai kufanywa kwa hasira wala kwa kumbukumbu ya marehemu peke yake.

Kwanza, ijulikane ugonjwa. Moshi una lugha yake. Ukiwa mweusi, mara nyingi dizeli ni nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli zimechoka, au injini imebebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Hayo ni matengenezo madogo. Ukiwa wa buluu, oili inaungua ndani, na hapo ringi, pistoni au slivu zinashukiwa. Ukiwa mweupe na hauishi hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani kwa gasketi iliyoungua, au dizeli haiungui sawasawa. Mwambie mumeo amwombe fundi apime kompresheni kabla ya mtu yeyote kutaja bei. Fundi anayesema "hii imekufa" bila kupima, mshukuru, kisha mtafuteni wa pili.

Pili, mkiifungua, ulizeni habari za krenki na bloku. Kama bloku haina ufa na krenki bado inachongeka, injini ya zamani yenye spea madukani inaweza kurudi kazini kwa miaka mingi. Kama bloku imepasuka, au spea mpaka ziagizwe mbali na kusubiriwa, kutengeneza ni kumwaga maji mchangani. Sisi tunatumia kipimo hiki: gharama ya kutengeneza ikipita nusu ya bei ya injini nyingine nzima, simameni mfikiri upya. Injini ya mtumba nayo isinunuliwe kwa kung'aa rangi. Iwashwe ikiwa baridi, mbele yenu, na ifanye kazi kwa muda.

Tatu, na hili ndilo husahaulika: je, mnahitaji dizeli kweli? Ngara na Biharamulo zina funzo lao. Kwa miaka mingi miji hiyo ilipata umeme kwa majenereta ya dizeli, mbali na gridi ya taifa. Yalipochakaa, yakaletwa mapya kwa msaada wa Uholanzi. Baadaye gridi ikafika, na majenereta hayakuwa tena tegemeo. Kisha yakaja maporomoko ya Rusumo, pale Ngara mpakani na Rwanda, yenye mtambo wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Hatusemi majenereta yale yalikuwa makosa, maana watu hawakai gizani wakingoja. Tunasema anayenunua injini leo aulize nguzo za umeme zimefika wapi. Umeme wa njia tatu ukiwa karibu, mota huenda ikawa nafuu kuliko dizeli ya kila wiki, na injini ya zamani iliyotengenezwa kidogo ikabaki kuwa tanga la siku umeme unapokatika.

Tunawaelewa wanaosema injini ya baba isiguswe. Lakini tazameni meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa wakati wa vita mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ilikwenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli, na watu hawakuacha kuiita Liemba. Kumbukumbu ya baba mkwe imo katika kazi aliyoianzisha na watu waliolishwa nayo, hata chuma kikibadilishwa.

Sasa tuje kwenye mahari. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, imeweka wazi kwamba mahari ni ya mke, na mume hula humo kile tu ambacho mke ametoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Kunyamaza kwa haya mbele ya mama mkwe hatukuhesabu kuwa ni ridhaa. Ukiamua kutoa, sema unatoa kwa njia gani. Kama ni zawadi, toa na usiisimange. Kama ni mkopo mwema usio na riba, taja siku ya kulipwa. Kama ni ubia, taja fungu lako katika faida, na ujue hasara nayo utaishiriki. Kisha iandikwe mbele ya mashahidi, kama Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, inavyoagiza katika deni. Wahenga nao walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandika hakumaanishi humwamini mumeo. Kunawalinda wote wawili siku mmoja wenu akiondoka duniani na warithi wakikaa kitako.

Binti yetu aliuliza maswali hayo, kwa adabu, baada ya chakula cha usiku. Injini ilipofunguliwa, krenki ilikuwa nzima, na kilichokwisha ni ringi na slivu. Wametengeneza kwa sehemu ndogo ya mahari yake, kwa mkopo ulioandikwa, na kilichobaki kimewekwa akiba ya mota. Mama mkwe alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimwomba amwandikie na deni lake yeye la mahindi.

Bi harusi, siku ukiombwa, usikatae kwa pupa wala usitoe kwa haya. Uliza ugonjwa, uliza gharama, uliza umeme, andika, kisha umwachie Mola.

Wabillahi tawfiq.