Mikia Sita

Wanaosema wakati ujao wa Kihispania ni mgumu wamedanganywa na walimu wao. Nami nilidanganywa. Jioni moja mwalimu wetu alijaza ubao maumbo 18: hablaré, hablarás, hablará, kisha comeré na wenzake, kisha viviré na wenzake. "Karirini," akasema, akaketi. Mwenzangu mmoja akauliza mbona miisho yote inafanana. Akajibiwa kuwa lugha haiulizwi sababu. Wiki iliyofuata hakurudi, wala sikumlaumu.

Kumbe aliuliza lile lililo muhimu kuliko yote. Vitenzi vya kawaida vya Kihispania vina makundi matatu, -ar, -er na -ir, lakini katika wakati ujao makundi hayo hayana kazi. Unachukua kitenzi kizima bila kukikata, hablar, comer, vivir, unakitia mkia mmoja kati ya sita: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Basi! Hata vile vyenye vituko, kama tener na venir, hubadili shina tu. Mikia ni ileile. Na mikia hiyo ni kitenzi haber kilichochakaa, kilichokuwa na maana ya "kuwa na": he, has, ha, hemos, habéis (huyu kapotewa na kichwa), han. Herufi h haitamkwi, kwa hiyo sikio halipati taabu. Hablaré asili yake ni "nina la kusema". Nebrija alikwisha kueleza muungano huo katika sarufi yake ya mwaka 1492. Zaidi ya miaka 500 imepita, nasi twaambiwa tukariri!

Mswahili ndiye asiyestahili kabisa kufundishwa hivyo. "Ta" yetu imetoka wapi kama si katika "taka"? Anayebisha na atamke "atakayekuja" au "nitakapofika", ataiona "taka" imesimama palepale. Wao waliijenga kesho kwa kuwa na jambo, sisi kwa kulitaka. Hata desturi yao ya kukisia kwa wakati ujao, serán las tres, tunayo: "sasa itakuwa saa tisa." (Las tres yao ni saa tisa yetu, hapo ndipo nilipotaabika kweli.)

Najua walimu watasema muda ni mfupi na mtihani u karibu. Maelezo haya hayamalizi hata dakika 10. Ubao ule ulitumaliza wiki tatu.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule mwenzangu, nikamweleza habari ya haber. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini hakuambiwa siku ile.