Makinikia Tulipiga Kelele, Mpunga Je?

Aliyepita kidato cha tano na sita anaikumbuka mada hii kwenye GS: taja faida tano za utandawazi, taja hasara tano, weka hitimisho. Tukajaza simu, mila na mavazi, tukapata alama zetu. Mimi nimekulia Kagongwa, na ile orodha haikunisaidia kitu, maana kwetu faida na hasara zinapakiwa lori moja.

Kwa wasiopajua, Kagongwa ipo Kahama, ni mji wa mashine za kukoboa mpunga. Isaka yenye bandari kavu ipo jirani, na malori ya kwenda mpaka wa Rusumo yanapita njia hiyo. Msimu ukifika utakutana na wanunuzi wa Rwanda, Burundi, Uganda, hadi Kenya. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, mchele wetu unavuka mpaka bila ushuru wa forodha, wakati ule wa nje ya Jumuiya umepangiwa asilimia 75. (Kenya wameruhusiwa kutoza 35, ndiyo maana mchele wa Pakistan haukosekani Nairobi.) Nyumba za bati kijijini zimetoka humo, na ada yangu pia. Anayesema utandawazi ni ukoloni mtupu aje aongee na mama zetu mwezi wa sita.

Ila mwezi wa sita ndipo penye tatizo. Mkulima anauza mpunga, sio mchele. Wengine walishauchukulia hela ukiwa bado shambani, na gunia linalodaiwa ni rumbesa. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa zinatoa kama kilo 65 za mchele, pumba wanachukua wafugaji, maganda yanachomea matofali. Kukoboa, kutoa mawe, kupanga madaraja, kufungasha: hela yote hiyo ni ya mtu mwingine. Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, bei ya dunia ikapanda. Safi kabisa, lakini ikifika Julai mkulima mwenye shida ya hela ameshauza. Aliyefaidi ni mwenye ghala.

Linganisheni na dhahabu. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi kusafirishwa nje, na nchi nzima ikawa inabishana, mpaka kwenye daladala, kwa nini mali iondoke haijachenjuliwa. Ikazaliwa Twiga, serikali ikapata hisa asilimia 16. Buzwagi yenyewe uzalishaji ulikoma 2021. Mpunga unarudi kila mwaka, unamtoka mkulima haujakobolewa, na sijasikia mtu akibishana kwenye daladala.

Wapo wanaotaka wanunuzi wa nje wasifike mashambani kabisa. Sikubaliani nao. Mgeni akiondoka, dalali wa hapahapa anabaki kupanga bei peke yake, na huyo hana huruma zaidi eti kwa sababu mnasalimiana Kisukuma.

Ninachotaka ni mkulima aweze kusubiri. Sheria ya stakabadhi ghalani ipo tangu 2005, korosho za kusini zinauzwa hivyo. Najua wakulima wanaiogopa, wamesikia habari za malipo kuchelewa, na mtu mwenye mtoto anayedaiwa ada huwezi kumwambia avumilie. Basi iwe hivi: akiweka magunia ghalani apewe siku hiyohiyo sehemu ya thamani yake kama mkopo, mpunga ubaki jina lake, akoboe bei ikipanda mwishoni mwa mwaka, auze mchele kwa huyohuyo mnunuzi wa Kigali. Gharama ya ghala na riba vitakula kiasi gani cha faida hiyo? Hapo ndipo nawahitaji wenzangu wa uhasibu na uchumi kilimo, mnaohangaika kila mwaka kutafuta mada ya utafiti. Mwezi wa tano mavuno yameshaanza. Njooni na daftari, na mizani mkiweza.