Mulika njia, siyo macho ya watu!

Mimi nina kasheshe moja ambayo nimeona nisiimeze peke yangu, maana wewe mwenye baiskeli na tochi mpya yanaweza kukukuta kesho.

Nilikuwa Nyabibuye. Usikunje uso kuuliza ndiyo wapi huko. Ni kule juu, mkoani Kigoma. Zamani ilihesabiwa Kibondo, na tangu 2012 iko wilaya ya Kakonko, si mbali na mpaka wa Burundi. Nilikwenda kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko. Kule, bwana, baiskeli siyo ya kutanulia Jumapili. Inabeba mihogo, maharage, mkungu wa ndizi na hata mgonjwa.

Jua la kule linachelewa kuliko la Dar, linazama karibu saa moja jioni. Lakini likishazama, limezama! Giza lake siyo hili letu la umeme kukatika, ambalo hata gari la jirani linakupunguzia. Ni giza la kunyoosha mkono usiuone.

Shemeji yangu ana Phoenix yenye dainamo, kile kichupa kinachojisugua kwenye tairi. Nikaicheka sana. Dainamo nyingi za namna hiyo ni volti 6 na wati 3, taa ya mbele na ya nyuma zikigawana humo humo. Ukipanda mlima polepole, taa nayo inasinzia. Ukisimama, inazimika kabisa. Nikatoa tochi yangu niliyonunua Kariakoo, nikaifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Ilikuwa kali kufa mtu!

"Shemeji, hiyo iinamishe kidogo," akaniambia.

"Shemeji, taa ni kuona mbali," nikajibu kwa majidai ya mjini. Nikapiga pedali kwenda dukani.

Kwenye mteremko wa pili nikaona kitu kinang'aa mbele. Kumbe ni mzee mmoja anapandisha, anasukuma baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi kwenye keria. Nyuma yake mkewe kabeba mtoto mgongoni, walikuwa wanatoka zahanati. Mzee akainua mkono kuziba macho. Nikadhani ananisalimia, nami nikapiga kengele! Mkono mmoja haushiki baiskeli yenye mzigo ule. Ikamvuta, yeye na ndizi zake wakaingia korongoni.

Ndugu yangu, sauti ya yule mama akiita jina la mumewe gizani bado ninayo masikioni. Nilitupa baiskeli, nikashuka. Mzee alikuwa amekaa, kiwiko kinavuja damu. Mtoto hakuguswa. Kama mama angekuwa hatua moja mbele, leo nisingekuwa na hamu ya kuandika safu hii.

"Shikamoo mzee, nisamehe," nikasema, na tochi bado imenining'inia shingoni, inamwangaza usoni.

"Marahaba, mwanangu. Kwanza zima hiyo," akanijibu.

Sasa tuelewane. Tochi hizi za siku hizi zinapata ukali kwa betri ndogo kwa sababu ya taa za LED. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kubuni ile ya rangi ya bluu, ambayo ndiyo iliyofungua mlango wa mwanga mweupe wa namna hii. Ni neema. Tatizo ni jicho letu. Jicho likishazoea giza, likapigwa mwanga mkali, huweza kuchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza tena sawasawa. Na sekunde zile za kwanza ndizo za hatari. Ukiwa na mwendo wa kilomita 15 kwa saa, sekunde tatu za upofu ni mita 12 na ushee. Ndani ya mita 12 kuna shimo, kuna mbuzi, kuna mtoto wa mtu. Na uliyempofua anaweza kukuparamia wewe mwenyewe! Wajerumani wameliweka hili kwenye sheria: taa ya mbele ya baiskeli isielekezwe kwenye macho ya watu.

Dawa yake haina gharama. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani usiku. Angalia taa yako iko juu kiasi gani, kisha iinamishe mpaka kitovu cha mwanga kipige ukutani kwenye nusu ya kimo hicho. Hapo mwanga utagusa ardhi mita 10 mbele yako. Kama bado unatawanyika juu, funga kipande cha mpira juu ya taa kama ukingo wa kofia. Kwenye mteremko usifukuze mwanga wako, punguza mwendo. Nyuma weka taa nyekundu, au angalau kile kioo chekundu cha madigadi, ukifute vumbi. Na ukiwa mipakani kama kule, kumbuka kwamba sisi tunapita kushoto, Burundi wanapita kulia. Mgeni anaweza kukujia upande wako kwa mazoea tu.

Asubuhi yake shemeji alinipeleka kwa mzee kuomba radhi rasmi. Nikamkuta kafunga kitambaa kiwikoni, na mtoto anacheza uani. Nikampa ile tochi. Hakuikataa. Aliifunga kwenye baiskeli yake, akaiinamisha, akaziba mwanga kwa kiganja kuona unaangukia wapi.

"Jana ulimulika mimi," akasema. "Mimi siyo barabara."

Nilirudi kwa shemeji kimya. Jioni hiyo nilipotumwa tena dukani, niliomba ile Phoenix yenye dainamo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.